Ndovu Walisongana Rafah

Wazee wetu wa pwani walisema: ndovu wawili wakisongana, ziumiazo ni nyika. Methali hii tumeizowea hata hatuisikii tena. Huitumia mwandishi wa gazeti akizungumzia ugomvi wa mataifa makubwa, na huitumia bibi akiwakanya mume na mke wanaoteta mbele ya watoto. Aghalabu hapana anayewafikiria ndovu wenyewe. Nami sikuwa nikiwafikiria, hata usiku mmoja nilipokaa nyuma ya mpwa wangu, kijana wa miaka 17, nikamtazama akipigana vita.

Hakuwa na upanga wala bunduki. Alikuwa na kompyuta mbele yake na kipanya mkononi. Adui yake ni binamu yake aliyeko Maskati, ambaye hawajaonana uso kwa uso kwa miaka minne. Lakini usiku wa kuamkia Ijumaa hukutana kwa njia ya intaneti, kila mmoja na jeshi lake, na sauti zao husikilizana kama walioketi kwenye baraza moja. Mchezo wanaoucheza unaitwa Rome: Total War. Ulitungwa na kampuni ya Creative Assembly ya Uingereza, ukatoka mara ya kwanza mwaka 2004, kisha ukarudishwa sokoni mwaka 2021 ukiwa umepakwa rangi mpya. Kwa umri wa michezo hiyo, huu ni mzee. Lakini vijana hawa wameurithi kama tulivyorithi sisi kete za bao.

Kanuni zake si ngumu kuzifahamu. Kila mchezaji huchagua taifa la kale na hupewa fedha za kununulia jeshi, lisilozidi vikosi 20. Kisha majeshi mawili hushushwa kwenye uwanja mmoja, na mchezaji huviona vikosi vyake kutoka juu, kama mwewe anavyouona mji. Huamrisha huyu asogee, yule asimame, wapanda farasi wazunguke. Ila kila kikosi kina moyo wake. Kikichoka, kikizungukwa, au kikimwona jemadari wake ameanguka, hutikisika. Na kikishavunjika moyo hukimbia, bendera nyeupe ikipepea juu yake, wala amri ya mchezaji haisikilizwi tena.

Usiku ule mpwa wangu alichagua Misri. Binamu yake alichagua Waseleuki, wafalme wa Syria, na fedha zake nyingi alizitia katika ndovu. Walikutana katika uwanja wa mchanga. Yule wa Maskati, akiwa na jemadari wake upande wa kulia, aliwashambulia wapanda farasi wa Misri, wakavunjika, naye akawafukuza. Aliwafukuza mpaka ukingoni mwa uwanja, akicheka. Huku nyuma mpwa wangu alikuwa ameviacha vikosi vyake vya katikati visonge mbele pole pole, na wapiga mishale wake wametia moto ncha za mishale. Ndovu waliingiwa na kiwewe, wakageuka, wakawakanyaga watu wao wenyewe. Nikasikia sauti kutoka Maskati ikilalamika, kisha ndovu wakaanza kuanguka mmoja mmoja bila ya kuguswa na adui.

“Wamekufa na nini?” nikauliza.

“Kawaua mwenyewe, Mjomba. Ndovu akipandwa na wazimu, kuna amri ya kumwambia mchungaji wake amuue.”

Amri hiyo haikuzuliwa na waliotunga mchezo. Livy, mwanahistoria wa Kirumi, ameeleza kwamba wachungaji wa ndovu wa Hasdrubal, ndugu yake Hannibal, walikuwa na patasi na nyundo. Ndovu akigeuka hatari kwa watu wake, mchungaji humpigilia patasi baina ya masikio, pale kichwa kinapoungana na shingo. Wazo kwamba mtu amelea mnyama, amemlisha na kumwita kwa jina, na mfukoni ana patasi ya kumuulia, lilinikaa moyoni. Vita vilikwisha. Kioo kikaonyesha hesabu ya waliokufa kila upande, vijana wakataniana, wakaanza upya. Na wafu wote wakasimama.

Siku ya pili nilimwambia mpwa wangu kwamba vita alivyocheza vilipata kupiganwa kweli, na kwamba binamu yake ameshindwa kwa kosa lile lile la mfalme aliyemwakilisha. Hakuniamini. Ndipo nikaingia katika kazi ya kumtafutia ushahidi, na matunda ya kazi hiyo ndiyo haya ninayomwandikia msomaji.

Mwaka 217 kabla ya kuzaliwa Nabii Isa (KK), tarehe 22 Juni, wafalme wawili walikutana karibu na mji wa Raphia, mpakani mwa Misri na Palestina. Mmoja ni Ptolemy wa Nne, mtawala wa Misri. Wa pili ni Antiochus wa Tatu, mtawala wa Waseleuki. Wote wawili walikuwa wa nasaba za majemadari wa Alexander, yule ambaye watu wetu humwita Iskandar, waliogawana milki yake alipokufa. Waligombania nchi iliyo baina yao. Tunayoyajua ya siku hiyo tunayajua zaidi kwa Polybius, Myunani aliyezaliwa karibu na mwaka 200 KK, yaani baada ya vita. Mimi Kiyunani sikijui. Nimemsoma kwa tafsiri za Kiingereza, nikilinganisha moja na nyengine kama nilivyojifunza mambo yangu yote, bila ya mwalimu.

Hesabu anazozitaja ni kubwa. Ptolemy alikuwa na askari wa miguu 70,000, wapanda farasi 5,000 na ndovu 73. Antiochus alikuwa na wa miguu 62,000, wapanda farasi 6,000 na ndovu 102. Katikati ya kila jeshi ilisimama safu nene ya watu wenye mikuki mirefu kupita kimo cha watu watatu, ambayo Wayunani waliiita falanksi. Ndovu waliwekwa mbele ya mbawa za jeshi, kulia na kushoto.

Vita vilianza kwa ndovu. Polybius anaeleza kwamba wanyama hao walifungamana pembe kwa pembe, wakasukumana kwa nguvu zao zote, kila mmoja akigombania ardhi aliyosimama, mpaka mwenye nguvu alipougeuza mkonga wa mwenzake pembeni. Na akishamgeuza humchoma ubavuni kwa pembe kama fahali. Niliposoma hapo niliweka kitabu chini. Neno “kusongana” katika methali yetu nilikuwa nikilichukulia kuwa ni la kupamba tu. Kumbe ni neno la mtu aliyewaona.

Wengi katika ndovu wa Ptolemy waliogopa kupigana. Walirudi nyuma, wakaisonga safu ya watu wao, na Antiochus akapata mwanya. Aliwazunguka na wapanda farasi wake, akauvunja ubawa wa kushoto wa Misri, akawafukuza waliokimbia, akifukuza mbali, akidhani kila mahali wameshinda kama alivyoshinda yeye. Lakini ubawa wa pili mambo yaligeuka. Jemadari mmoja wa Ptolemy, Echecrates, alipoona ndovu wake hawataki kusogea, aliwaacha waliposimama, akapita kando yao na wapanda farasi, akaushinda ubawa wa kushoto wa Waseleuki. Naye Ptolemy, aliyekuwa amejificha ndani ya falanksi, alijitokeza katikati, akaonekana na majeshi yote mawili. Watu wake wakapata moyo, wakainamisha mikuki, wakaenda. Mzee mmoja aliyekuwa pamoja na Antiochus alimwonyesha mfalme vumbi: limeelekea kwenye kambi yao. Mfalme akageuza farasi, akachelewa. Polybius anasema alijiliwaza kwamba yeye kwa upande wake ameshinda, na kwamba walioshindwa ni wengine kwa uoga wao.

Kwa Antiochus walikufa karibu watu 10,000 wa miguu na zaidi ya wapanda farasi 300. Waliotekwa walipita 4,000. Kwa Ptolemy walikufa wa miguu 1,500 na wapanda farasi 700. Kati ya ndovu wa Ptolemy walikufa 16, na wengi katika waliobaki walitekwa. Hivyo aliyeshinda vita alipoteza ndovu wake, na aliyeshindwa akaondoka nao.

Sasa tuwaulize ndovu hao walikotoka, maana hapa kisa kinasogea karibu na sisi. Wale wa Antiochus walikuwa wa Bara Hindi. Wale wa Ptolemy walikuwa wa Afrika, na hawakutoka Misri, bali pwani ya kusini ya Bahari ya Shamu, nchi tunazoziita leo Sudan na Eritrea. Babu yake Ptolemy alijenga huko bandari ya uwindaji iliyoitwa Ptolemais Theron, na ndovu walipakiwa katika majahazi maalumu wakapelekwa kaskazini. Ipo barua ya papirasi ya mwaka 224 KK iliyoandikiwa watu waliokuwa kazini huko, kuwapa habari kwamba jahazi la ndovu limezama na kuwapa moyo kwamba jengine linaundwa. Katika bandari ya Adulis, huko huko Eritrea, msafiri Cosmas alinakili katika karne ya sita maandishi ya jiwe ambamo Ptolemy wa Tatu alijisifu kwamba yeye na baba yake ndio wa kwanza kuwakamata ndovu wa nchi hizo na kuwafunza vita. Na Adulis ndiyo ile ile inayotajwa katika Periplus, kitabu cha mabaharia cha karne ya kwanza, ambacho kikishuka nayo pwani hufika mpaka Azania na Rhapta, yaani kwetu. Pembe ziliuzwa Adulis, na pembe ziliuzwa Rhapta. Ilikuwa pwani moja ndefu na biashara moja.

Polybius anasema ndovu wa Afrika waliogopa harufu na mlio wa wale wa Hindi, na umbo lao kubwa. Wengi walidhani, kwa hiyo, kwamba walikuwa ndovu wa msituni, ambao ni wadogo. Lakini mwaka 2014 wataalamu wa vinasaba walitoa utafiti juu ya ndovu wachache waliobaki Eritrea, wakaona kwamba ni ndovu wa nyika, jamaa wa hawa wa Tsavo na Mikumi. Na ndovu wa nyika akikamilika humpita wa Hindi kwa kimo. Basi hoja ya umbo haisimami tena kirahisi. Mimi, nisiye mtaalamu, huwaza kwamba mnyama aliyenaswa kwa shimo na kamba, akavushwa bahari yenye miamba ndani ya tumbo la jahazi, huenda alikuwa na sababu zake za kukataa kusonga mbele kwa ajili ya mfalme.

Nikarudi kwa mpwa wangu na mzigo huu wote, naye akanisikiliza kwa adabu. Kisha akauliza swali ambalo sikulitarajia:

“Mbona Misri yangu haina ndovu hata mmoja?”

Alisema kweli. Misri ya mchezo huo ina magari ya kukokotwa na farasi, ina wapiga mishale wa Farao na watu wa mashoka. Mchezo unaanza mwaka 270 KK, wakati Ramesses wa Pili amekwisha kufa kwa zaidi ya miaka 900, lakini watungaji waliwavisha Wamisri nguo za zama zake, kwa kuwa Misri bila ya Farao wa sinema haiuziki. Wachezaji wengine waliona aibu ya jambo hili, wakajikusanya kwa hiari na bila ya malipo, wakautengeneza upya mchezo kwa jina la Europa Barbarorum, wakawarejesha akina Ptolemy mahali pao. Nawaheshimu watu hao. Ni watafsiri wenzangu.

Lakini kosa la nguo ni dogo. Lililo kubwa ni kwamba kosa hilo limefuta jambo ambalo ndilo lililoifanya Raphia iwe Raphia. Jeshi la Ptolemy halikuwa jeshi la Wamisri. Walikuwa Wamakedonia, Wayunani wa kukodi, Wathrakia, Walibya. Wamisri walikuwa wenye nchi, lakini si wenye dola. Walilima, walilipa kodi, walijenga. Waziri Sosibius alipoona Antiochus anakuja na askari hawatoshi, aliwachukua Wamisri 20,000, akawapa mikuki ya Kimakedonia, akawafundisha kusimama katika falanksi. Nao walikuwamo katika ile safu ya katikati iliyoinamisha mikuki na kumaliza kazi.

Kuna jambo jengine analolitaja Polybius kwa maneno machache, nami limenishika kuliko yote. Kabla ya vita, wafalme walipita mbele ya safu kuwahutubia watu wao. Ptolemy alikuwa pamoja na dada yake Arsinoe. Kwa kuwa wafalme wote wawili walikuwa wapya na hawakuwa na ushujaa wao wenyewe wa kuutaja, waliwakumbusha askari utukufu wa mababu na kuwaahidi zawadi. Na maneno haya, anasema, waliyasema wengine kwa vinywa vyao na wengine kwa wakalimani.

Wakalimani hao hawatajwi majina. Lakini najaribu kumwona mmoja wao, Mmisri ajuaye Kiyunani, amesimama juani mbele ya wakulima waliovalishwa kofia za shaba. Mfalme anasema: kumbukeni utukufu wa mababu zenu. Mababu gani? Wamakedonia waliowashinda? Au wale waliojenga mahekalu, ambao mfalme hawafikirii? Kila aliyepata kutafsiri anajua kwamba hapo pana shimo, na kwamba mkalimani hana budi kuliruka kwa neno moja. Alichagua neno gani, hakuna aliyeandika. Twajua tu kilichofuata.

Kilichofuata ni kwamba watu hao walirudi makwao na wakajua wameshinda. Polybius anasema wazi kwamba kuwapa Wamisri silaha kulifaa kwa saa ile, lakini kulikuwa kosa kwa siku za mbele; kwani walijivunia Raphia, wakawa hawastahimili tena kuamrishwa, wakatafuta kiongozi wao wenyewe. Mwaka 205 KK sehemu ya juu ya Misri ilijitenga, ikawa chini ya wafalme wa kienyeji, Horwennefer na kisha Ankhwennefer, mpaka mwaka 186 KK. Lile jiwe la Rosetta linalotembelewa na maelfu mjini London ni la vita hivyo hivyo. Liliandikwa mwaka 196 KK kwa jina la mtoto wa Ptolemy wa Raphia, na ndani yake anasifiwa kwa kuwaadhibu waasi. Watu hulisifu kuwa ni ufunguo wa lugha, nami ni miongoni mwao. Ila tukumbuke kwamba ufunguo huo ulichongwa katikati ya ugomvi wa watu na mtawala wao, na kwamba uliandikwa kwa maandishi ya wote wawili kwa sababu mtawala hakuweza tena kusema kwa lugha yake peke yake.

Hii ndiyo nyika ya methali yetu. Ndovu walisongana juu yake, ikaumia. Lakini safari hii nyika ilisimama.

Sisemi kwamba mchezo ule ni wa kipuuzi. Umewafundisha vijana wawili jambo ambalo vitabu vingi vya vita havifundishi: kwamba watu hushindwa pale moyo unapovunjika, kabla ya kumalizwa kwa silaha, na kwamba anayemfukuza aliyekimbia humsahau aliyesimama. Binamu wa Maskati sasa analijua kosa la Antiochus kwa vidole vyake. Lakini mchezo wa watu wawili hauna budi kuwa na mwisho, na mwisho wake ni hesabu. Haujui kesho yake. Haujui aliyerudi shambani na mkuki.

Na washairi wetu nao waliamrisha majeshi ambayo hawakuyaona. Mwengo wa Athumani alipotunga Utendi wa Tambuka huko Pate mwaka 1728, alikuwa mbali kwa miaka elfu moja na zaidi na uwanja wa vita aliousimulia. Lakini katika tenzi za vita mtu hapigani kabla ya kutajwa jina, wala hafi akapita tu. Huliliwa, na kifo chake huwa na deni. Hilo ndilo lililo baina ya utenzi na hesabu ya kwenye kioo. Natamani siku moja kijana ajuaye ufundi wa kompyuta na ajuaye vina akae chini na kufikiri juu ya tofauti hiyo, kwani sioni kwamba lazima iwepo milele.

Nilikusudia kuishia hapa. Lakini wiki chache baadaye, baada ya sala ya Isha, tulikuwa tumekaa barazani na redio iko wazi. Mtangazaji alitaja Rafah. Mpwa wangu akainua kichwa.

“Mjomba, hii Rafah ndiyo ile?”

Nikamwambia ndiyo. Raphia ya Polybius ni Rafah ya Gaza. Mwezi wa Mei mwaka 2024 majeshi ya Israel yaliingia huko, wakati mji umejaa zaidi ya watu milioni moja waliokimbia kutoka sehemu nyengine za ukanda huo, na waliokwisha kukimbia wakakimbia tena. Alinyamaza kwa muda mrefu. Hakuniuliza ni nani aliyeshinda, swali ambalo huniuliza kila nikimsimulia vita vya zamani. Aliniuliza watu wale wamekwenda wapi.

Sikuwa na jibu la kumpa, ila niliona kwamba ameanza kuitazama nyika.